Ramani ya kale kwenye ukuta wa nyumba ya wageni: ukubwa, karatasi na fremu ya kustahimili pwani

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Tanga. Ukuta wa sebule una upana wa mita 3.4, na nilitaka uwe na ramani ya kale ya pwani yetu. Nilipakua mtandaoni picha ya ramani ya Afrika yenye upana wa pikseli 1,600, nikaipeleka duka la kuchapa, wakanitolea kwenye kanvasi ya sm 120 kwa 90. Maandishi hayasomeki, rangi yote imekuwa kahawia, na baada ya masika kanvasi imelegea na nyuma imeota madoa meusi. Nataka kuanza upya. Nichague ramani ipi, niichape kwenye nini, fremu iweje, na je, naruhusiwa kuwauzia wageni nakala?

JIBU: Dada, tuanze na kilichoharibika, maana ukikijua hutaingia gharama mara ya pili. Faili la pikseli 1,600 likitandazwa kwenye sm 120 linatoa pikseli 34 tu kwa kila inchi. Mchoro wa ramani unahitaji 200 kwa uchache, na 300 ukitaka mgeni asogee karibu na kusoma majina ya vijiji. Hesabu yake ni nyepesi: chukua pikseli za upana, zidisha kwa 2.54, kisha gawanya kwa upana wa chapa kwa sentimita. Ili sm 120 zako zipate pikseli 200 kwa inchi, faili lilipaswa kuwa na upana wa pikseli 9,450 hivi. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuchapa herufi ambazo hazimo kwenye faili.

Kanvasi nayo ilichangia. Ramani nyingi za karne ya 16 hadi ya 19 zilichongwa kwenye bamba la shaba, na mistari yake myembamba ina unene wa mm 0.1 au 0.2 tu. Uzi wa kanvasi ni mnene kuliko mstari huo, kwa hiyo herufi ndogo huzama kati ya nyuzi hata faili likiwa zuri. Kanvasi inafaa mchoro wa rangi ya mafuta au picha ya sura ya mtu. Kwa ramani ya mistari, achana nayo kabisa.

Sasa lile ambalo ningependa ulishike kuliko yote: usipime ukuta kisha ukatafuta ramani ya kuujaza. Tafuta ramani, ujue ilichorwa kwa ukubwa gani, uichape kwa ukubwa huohuo au zaidi kidogo. Mchongaji alipanga unene wa mistari, ukubwa wa herufi na nafasi ya bahari kwa msomaji aliyesimama umbali wa mkono mmoja. Ukiitanua ramani ya kitabu mara tatu, mistari huonekana minene na butu, doa la karatasi linakuwa kubwa kama sarafu, na ule umaridadi uliokuvutia unapotea. Kwa ramani ya bamba la shaba, kikomo changu ni mara moja na nusu ya ukubwa wa asili. Ramani za mbao zilizochongwa, ambazo mistari yake ni minene tangu mwanzo, huvumilia hadi mara mbili. Mfano ni ramani ya Afrika ya mchora ramani Mjerumani Sebastian Münster ya mwaka 1540, yenye lile jitu la jicho moja na tembo mkubwa upande wa kusini. Asili yake ni kama sm 25 kwa 34, na kwa sm 50 kwa 68 bado inapendeza.

Kwa hiyo kwa ukuta mkubwa tafuta kitu kilichochorwa kikubwa, na pwani yetu inavyo. Nitakupitisha kwenye chache ambazo zina uhusiano wa kweli na mahali ulipo.

Kwanza, chati za bahari. Kati ya 1822 na 1826 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipima pwani ya Afrika akiwa na meli za Leven na Barracouta, pwani yetu ikiwemo. Miaka ya 1870 William Wharton alipima upya sehemu za pwani ya Afrika Mashariki na Zanzibar kwa meli ya Shearwater na nyingine iliyofuata. Chati zilizotokana na kazi za namna hiyo zilitolewa na Admiralty, idara ya jeshi la majini la Uingereza, mjini London, na zile za karatasi kubwa zina mchoro wa takriban sm 65 kwa 100. Zimechapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe: miamba, njia za majahazi, vina vya maji vilivyohesabiwa kwa pima, na wakati mwingine mandhari ya pwani kama nahodha alivyoiona kutoka baharini. Kwa nyumba ya wageni ya Tanga ningeiweka chati katikati ya ukuta bila kusita. Ni kubwa kwa asili, haitegemei rangi, na mvuvi yeyote wa hapo akiingia atasimama kuikagua.

Pili, ramani ambayo mji wenu una mkono ndani yake. Johann Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikuwa wamisionari waliokuwa na kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza watu wa misafara kuhusu bara. Ramani yao iliyotolewa kwenye jarida la jiografia la Petermann kule Ujerumani mwaka 1856 inaonyesha ziwa moja refu, kubwa ajabu, lenye umbo la koa, mahali ambapo sisi leo tunajua maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wenyeji waliosimulia hawakukosea sana. Kila msafara ulifika kwenye maji makubwa, na waliochora ndio waliyaunganisha yakawa ziwa moja. Ramani hiyo ilizua mabishano makali London na ikasukuma safari ya wapelelezi Waingereza Burton na Speke. Mgeni akielezwa hayo kwenye kibandiko kidogo chini ya fremu ataitazama kwa jicho jingine.

Tatu, michoro ya miji ya Braun na Hogenberg, iliyotolewa Köln mwaka 1572. Kwenye ukurasa mmoja Aden imechukua nusu ya juu, na chini zimepangwa Mombasa, Kilwa na Sofala, zikiandikwa Mombaza, Quiloa na Cefala. Ukurasa mzima ni kama sm 33 kwa 47. Watu hupenda kukata kile kipande cha Mombasa au Kilwa na kukitanua peke yake hadi sm 90. Usifanye hivyo: kila kimoja asilia ni upana wa sm 15 tu, kwa hiyo unakitanua mara sita. Chapa ukurasa mzima kwa ukubwa wake.

Nne, mchora ramani Abraham Ortelius. Ramani yake ya mwaka 1573 ya nchi iliyodhaniwa kuwa ya Mfalme Yohana wa Uhabeshi inashuka hadi pwani yetu, ikiwa na rangi nzuri, na ni kama sm 37 kwa 44. Iko pia ramani ya Afrika ya Willem Blaeu, iliyoingia kwenye atlasi zake kuanzia 1630, yenye picha za miji juu na picha za watu pembeni. Hii ya Blaeu huuzwa sana kama pambo, lakini ikague kwanza. Picha za watu zimechorwa na waliokuwa Ulaya, na moja ya maelezo yake inatumia neno la dharau kwa watu wa Msumbiji. Kwenye chumba cha kusomea, sawa. Sebuleni mwa nyumba ya wageni, ambako hutakuwepo kueleza kila mara, mimi nisingeitundika.

Ukiunganisha hayo, ukuta wako unajipanga. Chati ya sm 100 kwa 65, ikiongezewa ukingo wa kadi wa sm 7 kila upande na ubao wa fremu wa sm 2.5, inafika sm 119 kwa 84. Ukurasa wa Braun na Hogenberg, wenye ukingo wa sm 6 na ubao wa sm 2, unafika sm 63 kwa 49. Fremu mbili za ukubwa huo pembeni na chati katikati, zikiachana sm 8, zinachukua jumla ya sm 261, na kila upande wa ukuta unabaki na karibu sm 40 za kupumua. Kama chati uliyoipata imesimama wima, kama zilivyo nyingi za pwani inayotoka kaskazini kwenda kusini, jumla inashuka hadi sm 226, na bado ukuta unapendeza.

Kupata faili. Maktaba ya Bunge la Marekani, mkusanyo wa David Rumsey ulioko Stanford, mkusanyo wa ramani za Afrika wa Oscar Norwich ulioko hapohapo Stanford, Chuo Kikuu cha Northwestern, na Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa: kote humo utapata ramani zilizoskaniwa vizuri. Tatizo la wengi ni kubonyeza picha inayoonekana kwenye ukurasa na kuihifadhi. Hiyo ni picha ya kuonjesha tu. Tafuta sehemu ya kupakua, uchague aina ya faili ya TIFF au JPEG2000, au JPEG yenye ukubwa wa juu kabisa. Faili likishaingia kwenye kompyuta fungua sifa zake usome pikseli. Kwa chati ya sm 100 unahitaji angalau 7,900 kwenye upande mrefu, na 11,800 ndiyo kamili. Kwa ukurasa wa sm 47, pikseli 5,550 zinatosha kabisa. Likiwa dogo kuliko hapo, usilipeleke kwa fundi. Tafuta nakala ya maktaba nyingine.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nakala mbili za ramani ileile si sawa. Bamba la shaba huchakaa kadiri linavyopitishwa kwenye mashine, kwa hiyo chapa za mwanzo zina mistari myeusi na mikali, na za mwisho zimefifia. Rangi nayo ilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, na nyingine zilipakwa miaka mingi baadaye ili ziuzike. Ukiwa na nakala tatu za kuchagua, chukua yenye mistari myeusi zaidi hata kama rangi yake ni hafifu. Rangi inaweza kurekebishwa, mstari uliochakaa haurudi. Angalia pia kama maandishi ya nyuma ya ukurasa yanajitokeza mbele. Kurasa za Braun na Hogenberg na za Ortelius zina maelezo nyuma, na skani iliyopigwa vibaya huonyesha kivuli cha herufi hizo baharini. Kuyafuta ni kazi ya siku nzima; kutafuta nakala nyingine ni kazi ya dakika kumi.

Kutayarisha faili. Nyoosha, kisha kata ukibakiza ule mfinyo wa bamba (alama iliyobonyea ya ukingo wa bamba) unaozunguka mchoro pamoja na sm 1 ya karatasi nje yake. Ukikata ndani ya mfinyo, ramani huonekana kama imenyolewa. Mkunjo wa katikati, ambao ramani za atlasi karibu zote zinao, upunguze kivuli chake lakini usiufute wote, maana mara nyingi majina yanapita juu yake na ukifuta utayakata. Mihuri ya maktaba unaweza kuiondoa ikiwa iko pembeni.

Sababu ya ukahawia wako iko hapa. Skani hubeba rangi ya karatasi kuukuu. Ukiichapa kwenye karatasi ya rangi ya krimu, unjano unaongezeka juu ya unjano. Duka likibadilisha faili kwenda mfumo wa rangi nne wa matbaa, au printa ikikosa profaili (mpangilio wa rangi) sahihi ya karatasi ile, kinachotoka ni kahawia iliyokolea. Amua moja: ama uache rangi ya karatasi ya kale na kuchapa kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, ama usafishe usuli uwe karibu na mweupe kisha uchape kwenye karatasi ya krimu ili karatasi yenyewe ndiyo itoe joto. Kwa chati nyeusi njia ya pili ni bora mno. Kwa ramani zenye rangi ya mkono ninapendelea ya kwanza, ila punguza ukolezi wa njano kwa robo hivi, kwa sababu chini ya taa ya sebuleni njano huonekana nzito kuliko kwenye skrini. Mwambie fundi asibadilishe mfumo wa rangi wa faili: printa ya wino ya picha inataka RGB (mfumo wa rangi wa skrini: nyekundu, kijani na buluu), nayo itapanga wino yenyewe.

Programu za kukuza picha kwa akili mnemba ziepuke kwenye ramani. Uso wa mtu hurekebika kwa makisio, lakini kwenye ramani programu hubuni: namba 8 ya kina cha maji inakuwa 3, na jina la kijiji linageuka mistari yenye sura ya herufi lakini isiyosomeka. Kunoa kingo kupita kiasi nako huzungushia kila mstari utepe mweupe, nao huonekana wazi kwenye chapa.

Kuchapa. Ulizia duka lenye printa ya wino wa pigmenti. Epson SureColor na Canon imagePROGRAF ndizo utakazozikuta zaidi, na yenye upana wa inchi 24 inatosha A1, ya inchi 44 inatosha chati yako bila wasiwasi. Mashine za stika na mabango zinafanya kazi nzuri kwa umbali wa barabarani, lakini nukta zake ni kubwa kwa herufi za mm 1. Printa za leza hujenga rangi kwa kupishanisha nukta, na mstari mwembamba wa kahawia hutoka umechanika. Kama muuzaji hana uhakika wino wake ni wa aina gani, omba kipande kilichochapwa kwenye karatasi isiyong'aa, kiache kikauke siku moja, kisha dondoshea tone la maji na ulifute taratibu baada ya dakika moja. Wino wa pigmenti hubaki pale ulipo. Ule wa rangi iliyoyeyushwa hutiririka, nao ndio huo unaofifia mapema ukutani.

Karatasi bora ni ya pamba asilimia 100, isiyong'aa, yenye uzito wa gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Hahnemühle Photo Rag ya gramu 308 ni mfano unaojulikana. Ikikosekana, karatasi isiyong'aa yenye tabaka la kupokea wino, ya gramu 180 hadi 230, itakupa kazi ya kuheshimika kwa bei ndogo. Chukua ile taa ya kukagulia noti uimulike karatasi tupu gizani. Ikiwaka buluu kali, ina kemikali za kung'arisha weupe, nazo hufa kwa mwanga na hewa, karatasi ikabaki na umanjano usio wa ramani.

Kabla ya kuchapa kubwa, lipia kwanza kipande cha A4 kilichokatwa kutoka kwenye faili lako kwa ukubwa uleule wa mwisho. Chagua sehemu yenye maandishi madogo kuliko yote, mistari iliyosongamana na rangi moja pana. Kibebe nje ya duka ukitazame kwa mwanga wa mchana, kisha usiku kwa taa ya sebuleni mwako. Hapo ndipo pa kurekebisha, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kurudia chapa nzima. Chapa ikishatoka, iache imelala saa 24 kabla ya kuifunika kwa kioo, la sivyo mvuke wa wino utaweka ukungu ndani ya kioo. Ukiisafirisha, tumia bomba la kipenyo cha sm 10 au zaidi, na usiiache imekunjwa kwa wiki kadhaa.

Fremu, na hapa pwani ndipo kazi ilipo. Yale madoa meusi ni kuvu, na kuvu huota unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa muda, hali ambayo Tanga, Mombasa na Unguja ni ya kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kanvasi yako ilikuwa wazi nyuma na imegusana na ukuta, kwa hiyo ilifyonza unyevu kutoka pande mbili. Kulegea kulitokana na hilohilo: mbao za fremu na kitambaa hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Dawa ni kuifunga chapa kwenye pakiti isiyopitisha hewa ya nje kirahisi, na kuiweka mbali na ukuta.

Mpangilio kutoka mbele kwenda nyuma ni huu. Kioo cha mm 3, au akriliki (plastiki angavu) ya mm 3. Kadi ya dirisha, yaani ule ukingo wa kadi uliokatwa nafasi katikati, yenye unene wa mm 2 au zaidi, isiyo na asidi, ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia chapa isiguse kioo. Ikikigusa, unyevu ukiganda ndani karatasi hunata kwenye kioo na haitoki salama. Kisha chapa. Kisha kadi nyingine isiyo na asidi. Mwisho ubao wa nyuma. Mafundi wengi watakuwekea hardbodi au MDF (ubao wa unga wa mbao), na zote mbili hunywa maji, hujipinda, na hutoa asidi inayochoma karatasi hadi iwe kahawia. Mwambie atumie lile bamba la alumini lenye plastiki katikati, la mm 3, ambalo watu wa mabango hutengenezea vibao vya maduka. Halijipindi, halipitishi unyevu, mchwa hawaliwezi, na mabaki yake hupatikana kwao kwa bei nafuu. Zungushia kingo zote za pakiti, kuanzia kioo hadi bamba, utepe wa alumini wa kunata, na baada ya hapo ndipo pakiti iingie kwenye ubao wa fremu. Fanya kazi hii siku kavu, au kwenye chumba ambacho kiyoyozi kimewaka tangu asubuhi. Ukifunga pakiti siku ya mvua, unaufungia unyevu ndani.

Chapa ishikiliwe kwa juu tu. Karatasi ya pamba yenye upana wa mita moja hurefuka milimita mbili au tatu unyevu ukipanda, na ikibanwa pande zote nne itatengeneza mawimbi. Tumia vipande viwili au vitatu vya karatasi nyembamba ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa na kuchujwa, nusu ya kipande ikishika nyuma ya chapa na nusu kadi ya nyuma. Acha mm 3 kila upande ndani ya dirisha. Kwa chapa ndogo, pembe nne za karatasi zilizokunjwa zinatosha bila gundi yoyote. Selotepu, tepu ya wapaka rangi na gundi ya viatu hazina nafasi hapa: kwa joto la pwani gundi zake hutiririka, hupenya karatasi na kuacha doa la mafuta. Wako wanaobandika chapa moja kwa moja kwenye bamba la alumini kwa filamu ya gundi baridi. Kwa kuwa hii ni nakala, na inaweza kuchapwa tena, sina pingamizi, mradi fundi ana mashine ya kuviringisha. Akiibandika kwa mkono, mapovu yatatokea ndani ya wiki.

Mbao za fremu ziwe mninga, mvule au msaji uliokauka vizuri. Paini laini ni chakula cha bungua.

Uzito unahitaji kuufikiria. Kioo cha mm 3 kina kilo 7.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo fremu ya chati, pamoja na bamba na mbao, itakaribia kilo 12. Kwa akriliki inashuka chini ya kilo 9, na haivunjiki mtoto akirusha mpira, ila inakwaruzika upesi na huvuta vumbi. Usitundike uzito huo kwa msumari mmoja na uzi. Weka skrubu mbili za 5 kwa 50 mm kwenye plagi za plastiki za mm 8, zikiachana kama theluthi mbili ya upana wa fremu. Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, toboa bila kugonga, na uingie ndani kupita lipu hadi kwenye jiwe, maana chokaa peke yake hubomoka. Nyuma ya pembe za chini bandika vifundo vya mpira vya mm 5 hadi 10 ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Chagua ukuta wa ndani badala ya ule wa nje unaopigwa na mvua za kusi. Usiweke mahali jua la jioni linapofika, wala mbele ya upepo wa kiyoyozi, wala karibu na mlango wa bafu. Katikati ya fremu iwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kama chini yake kuna kochi, acha sm 15 hadi 20 juu ya egemeo, ili kichwa cha mgeni kisigonge. Unapofuta kioo, nyunyizia maji kwenye kitambaa, usinyunyizie kioo, kwa kuwa matone hushuka hadi kwenye kona ya chini na kupenya kwenye kadi. Baada ya kila masika ishushe mara moja ukague nyuma.

Kuhusu haki. Ramani zote nilizozitaja ni za kale mno kuwa na hakimiliki ya mchoraji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kinacholeta mjadala ni picha iliyopigwa na maktaba. Mahakama ya Marekani iliamua mwaka 1999, kwenye shauri la Bridgeman dhidi ya Corel, kwamba picha aminifu ya mchoro bapa usio na hakimiliki haizai hakimiliki mpya. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 linaelekea hukohuko. Hata hivyo tovuti ina masharti yake, na ukipakua kwayo unayakubali. Maktaba ya Bunge la Marekani huandika hali ya haki kwenye ukurasa wa kila ramani, na nyingi za kale haziwekewi kizuizi. Mkusanyo wa Rumsey unaruhusu matumizi yasiyo ya biashara, na kwa biashara unaomba kibali. Gallica nayo ina masharti na ada kwa biashara. Kwa hiyo ya kutundika ukutani na ya kuuza unaweza kuyatenganisha: kwa zile za kuuza, chukua faili kutoka mahali ambapo ukurasa wa ramani hauna kizuizi, uhifadhi nakala ya ukurasa huo pamoja na tarehe uliyopakua. Ramani za upimaji za miaka ya karibuni zaidi, za mashirika ya serikali, usiziguse bila kuuliza wenyewe.

Nakala za kuuza zichape kwa A3, ambayo hukunjwa kwenye bomba na kuingia kwenye mkoba wa mgeni. Michoro ya Braun na Hogenberg inakaa hapo ikipungua kidogo tu, kwa asilimia 10 au 11. Chati ya bahari ya mita moja usiibane kuwa A3, kwa kuwa vina vya maji havitasomeka. Kata badala yake kipande cha bandari ya Tanga kwa ukubwa wake wa asili. Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli au piga muhuri: jina la ramani, aliyeitoa, mwaka wake, neno NAKALA na mwaka ulioichapa. Kuna wanaozilowesha kwa chai na kuchoma kingo ili zionekane za kale. Chai ina asidi inayokula karatasi, na mgeni akiuziwa nakala kwa sura ya kitu asilia ameibiwa, hata kama hukutamka neno.